Vichwa vya Treni vya Padre Anselmo

Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na mafuta ya cherehani ndiyo harufu ya mwaka wangu wa darasa la tano. Ilianzia mlangoni mwa stoo yetu kule Maretadu, ikapita juu ya magunia ya maharage, ikanishika kwenye sweta la shule mpaka wenzangu wakaniuliza kama nyumbani tunauza mafuta. Ndani ya stoo, kwenye meza ambayo Baba aliiunda kwa mbao za mikaratusi, kulikuwa na vichwa viwili vya treni ambavyo havikuzidi urefu wa rula yangu ya shule. Kimoja kilikuwa cha kijani na kingine cheusi. Havikuwa vya plastiki kama vitu vya kuchezea vya dukani. Vilikuwa vya chuma, vizito, vyenye magurudumu ya kweli, vikiwa na vyuma vyembamba vilivyounganisha gurudumu moja na jingine, na ukivishika asubuhi ya baridi ya kwetu vilikuganda mkononi. Vilitengenezwa zamani sana, kabla ya Baba kuzaliwa. Havikuwa vyetu.

Baba yangu, Paskali, alikuwa fundi wa karakana ya reli upande wa Tabora tangu ujana wake. Walipopunguza wafanyakazi alikuwa mmoja wa waliorudishwa makwao, akarudi Maretadu na sanduku la spana ambazo nusu yazo hazikuwa na kazi yoyote huku kwetu. Wilaya yetu haina reli. Watu wengi pale kijijini walikuwa hawajawahi kuona treni hata kwa mbali, kwa hiyo ujuzi wake wote ulikuwa kama lugha ambayo hakuna wa kuzungumza naye. Alilima mahindi na maharage kama wengine, akatengeneza redio na baiskeli za majirani, na misheni walimwita kila mashine yao ya kusaga ilipogoma. Lakini nilikuwa mtoto wa kwanza, na nilikuwa namwona. Akimaliza kula alikaa akitazama ukungu unavyopanda bondeni, na ukimwita mara moja hakusikia.

Padre Anselmo, mzee wa Kizungu aliyekaa misheni miaka mingi mpaka akawa anazungumza Kiiraqw vizuri kuliko baadhi yetu, ndiye aliyemletea vile vichwa. Baba yake mzazi alivinunua vikiwa vipya, akavichezea na mwanawe, na mwana huyo, Padre mwenyewe, alipokuja Afrika akavibeba. Vilikuwa vimelala kabatini miaka mingi, vimeganda. Sasa Padre alikuwa amezeeka na angerudi kwao baada ya mavuno, na alitaka kuviona vikitembea tena kabla ya kuondoka. Aliviweka mezani pamoja na furushi la reli fupifupi za kuunganisha, akasema, "Paskali, wewe ndiye mtu pekee huku anayejua hiki ni kitu gani." Alikipindua kile cha kijani, akatazama tumbo lake, na nikaona mikono yake imebadilika. Ilikuwa mikono ya mtu aliyerudi kazini.

Tuliifanya kazi ile pamoja, mimi na yeye, kila siku nilipotoka shule. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vikaingia pale ambapo vyake havikuingia. Tulifungua skrubu ndogo kama mbegu za mchicha na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuruga. Tuliosha grisi ya zamani, iliyokuwa imekuwa ngumu kama nta, kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Vile vijiti viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota vilikuwa vimekwisha, na Baba akavunja betri kuukuu za redio, akatoa ule mkaa mweusi wa katikati na kuuchonga kwa wembe, akaupima, akachonga tena, mpaka ukaingia bila kulazimishwa. Springi ilitoka kwenye kalamu yangu. Alinieleza kila kitu kama anavyomweleza fundi mwenzake, bila kunirahisishia. "Usikaze kwa hasira, Marselina," alikuwa akiniambia. "Kaza mpaka kikatae, halafu acha."

Siku kile cha kijani kilipotembea, ilikuwa Jumapili baada ya misa. Baba alikuwa amezungusha reli juu ya meza na kuunga nyaya mbili kwenye betri ya gari aliyoazima misheni. Kilishtuka, kikasimama, kikatoa harufu ya vumbi linaloungua, kisha kikaondoka. Kilizunguka meza nzima kikilia kama cherehani ya Mama, na Baba akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, wala sijamsikia tena baadaye. Jirani yetu Mama Yohana alikuja na watoto wake, wakaja na wengine, wakajaa mlangoni mpaka mwanga ukapungua, na Baba akawaeleza mvuke, breki, mabehewa, na jinsi treni kubwa inavyosikika kwenye ardhi kabla ya kuonekana. Mama alisimama nyuma na mtoto mgongoni, akimtazama yeye badala ya treni.

Kile cheusi kilikataa. Tulikiosha, tukakichongea kaboni mara tatu, tukasugua magurudumu kwa majivu mpaka yakang'aa, lakini ukikipa umeme kilitetemeka tu kama mtu mwenye homa. Mimi ndicho nilichokipenda. Kilikuwa na taa ndogo mbele na mstari mwekundu ubavuni, na nilijiambia kwamba cha kijani ni cha Baba ila hiki kitakuwa kimetengenezwa na mimi.

Wakati wa mavuno alipita mnunuzi wa maharage na lori lake. Alijitambulisha kwa jina la Julius, mtu mchangamfu, mwenye koti la ngozi. Alipoona meza yetu aliviinua vichwa kimoja kimoja kwa uangalifu wa mtu anayejua anachoshika, akauliza kama vinauzwa. Baba akamwambia si mali yake. Yule bwana hakusisitiza. Alichukua msumari mdogo, akaugusisha kwenye mota ya kile cheusi, ukashika kidogo na kuanguka. "Sumaku yake imechoka, mzee," akasema. "Arusha kuna mtu anaweza kuirudishia nguvu." Baba alijipiga kifuani kwa furaha na aibu kwamba hakuliwaza hilo mwenyewe. Lakini alisema lazima kwanza amuulize Padre, na Padre alikuwa safarini, angerudi baada ya wiki tatu.

Wiki mbili baadaye, siku ya mnada wa Dongobesh, wazazi wangu waliondoka alfajiri, Mama akiwa na mtoto mgongoni. Shule ilikuwa imefungwa, nikabaki mwenyewe. Lori lilisimama njiani na yule bwana akaja mpaka uani.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Nimekutana na baba yako mnadani. Amesema nichukue vile vichwa niende navyo Arusha."

"Vyote viwili?"

"Vyote. Cha kijani ni cha kupimia sumaku. Jumamosi narudisha."

Nimeirudia saa ile kichwani maisha yangu yote, na sijawahi kupata namna ya kuisema inayonipunguzia. Nilijua. Baba alikuwa mtu wa karatasi. Hata akituma chumvi kwa jirani aliandika kikaratasi na kukitia sahihi, na yule bwana hakuwa na karatasi. Tena Baba alikuwa ametukataza wote kumfungulia mtu stoo. Lakini nilikiona kile cheusi kikizunguka meza Jumamosi, taa yake ikiwaka, Baba akicheka kicheko kile kwa ajili yangu. Nilichukua ufunguo mahali ulipofichwa. Nilivifunga vichwa kwenye kanga ya Mama, nikaviweka kwenye sanduku ambalo Padre alivileta nalo, nikafunga mlango tena vizuri kama nilivyofundishwa, nikalibeba sanduku mwenyewe mpaka kwenye lori. Akanishukuru, akaondoka kuelekea Mbulu.

Baba aliporudi jioni alikwenda stoo moja kwa moja. Nilimsikia akifungua kufuli. Alipotoka aliniuliza kama kuna mtu amekuja. Uso wake ulinionyesha kwamba hakukutana na mtu yeyote mnadani. Nikasema, "Hapana, Baba. Nilikwenda mtoni kuchota maji." Maneno hayo machache yalinitoka upesi. Nilifikiri Jumamosi itayafuta, lakini Jumamosi ikapita, na ile iliyofuata, na lori lile halikuonekana tena kwetu.

Padre aliporudi, Baba hakungoja kuitwa. Alimkaribisha nyumbani na kumwambia vimeibiwa. Padre akauliza mlango ulivunjwa vipi. Baba akasema haukuvunjwa. Nilikuwa nimesimama na birika la chai, nikaona mzee yule anavyokaa kwenye benchi polepole.

"Paskali," akasema, "hata kama umeviuza, sitakasirika. Niambie tu umemuuzia nani, nikavikomboe. Vilikuwa vya baba yangu."

"Sikuviuza, Padre."

"Niambie tu."

"Sikuviuza."

Birika lilikuwa linaniunguza kupitia kitambaa na sikuliweka chini. Padre aliondoka bila kunywa chai, na wiki iliyofuata akaondoka nchini. Hakuacha neno baya juu yetu, lakini hakuja kuaga, na kwa watu ilitosha. Ikasemwa Paskali ameuza urithi wa mzee wa watu. Misheni wakapata fundi mwingine. Jumuiya yetu ya kanisa, ambayo Baba alikuwa kiongozi wake, ikachagua kiongozi mpya siku ambayo yeye alikuwa shambani. Watu wakaacha kuleta redio, maana nani ampe kitu chake mtu wa namna hiyo? Hakugombana na yeyote. Alivunja ile meza, akazitumia mbao kuzibia banda la ng'ombe, na tangu siku hiyo sikumwona ameshika bisibisi. Aliacha kunieleza vitu. Hakunikaripia wala kuninyima chochote. Alinitazama tu mara nyingine tukiwa tunakula, kwa muda mrefu kidogo, kisha akaendelea na ugali wake.

Nilisoma, nikawa mwalimu wa sayansi, nikapangiwa Katesh. Nimefundisha mota ya umeme kwa miaka kumi na tisa. Nikiwaonyesha wanafunzi vijiti vya kaboni nawaeleza bila kutetemeka, na wananiona mwalimu mzuri. Kila likizo nilikwenda nyumbani nikiwa nimejiandaa kusema, na kila likizo nilirudi na mahindi na maharage na maneno yangu yakiwa ndani bado.

Nilisema pale Baba alipolala bila kuinuka, mapafu yamechoka. Tulikuwa wawili chumbani, mchana, jua likiingia dirishani. Nilimweleza yote, lori, kanga ya Mama, mto ambako sikwenda. Alinisikiliza macho yakiwa darini.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini, Baba?"

"Siku ya pili yake. Mama Yohana alikuona umebeba sanduku. Nikamwomba anyamaze."

"Mbona hukusema? Padre alikuwa bado yupo. Ungemwambia."

"Ningemwambia mtoto wangu ndiye mwizi?" Alikohoa kwa muda mrefu, nikamshika mgongo. "Nilidhani utakuja kuniambia mwenyewe. Nikasema akifika darasa la saba ataniambia. Halafu nikasema akimaliza sekondari."

Nilimuuliza kama niende kwa viongozi wa kanisa niwaambie ukweli. Akasema sasa hana nguvu za kuulizwa maswali. "Nikifa, waambie," akasema. "Siku hiyo watakuwepo wote." Alikufa wiki ile ile.

Niliandika wasifu wa marehemu mimi mwenyewe, kwa kuwa ndimi mtoto mkubwa na ndimi mwalimu. Niliandika alikozaliwa, karakana ya reli, ndoa yake, watoto. Kisha niliandika kwamba hakuuza vichwa vya treni vya Padre Anselmo, kwamba ni mimi niliyevitoa na kudanganya. Ilikuwa mistari minne. Niliisoma kwa sauti chumbani mara nyingi mpaka ikapita bila kunikwama.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Walikuwepo wazee wa jumuiya, Mama Yohana na fimbo yake, walimu wenzangu waliokuja na basi dogo kutoka Katesh, wanafunzi wangu wawili waliotumwa kuwakilisha, mume wangu, watoto wangu wamevaa nguo nyeusi mstari wa mbele. Nilishika kipaza sauti, nikasoma. Nilipofika kwenye ile mistari minne niliiona vizuri, kwa mwandiko wangu, kisha nikasikia sauti yangu ikiiruka na kusoma inayofuata, kwamba marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Watu wakaitikia amina. Mama Yohana alinitazama, akainamisha kichwa. Tukamfukia.

Watu husema mtoto hahukumiwi, na juu ya yule wa darasa la tano nakubaliana nao. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na aliogopa kuchapwa. Mimi nilikuwa na arobaini na tatu, na hakuwa amebaki mtu wa kunichapa.