Saumu Juu ya Vilima vya Kondoa

Ofisini kwetu Dodoma wameshatuchoka. Wanawake watatu wazima, wenye nyumba na vitanda, kila tukipata siku za mapumziko tunafunga mabegi mgongoni na kwenda kulala porini kwenye hema. Mama yangu, aliyezeekea kwenye mashamba ya Mlali, anasema amepanda vilima maisha yake yote kutafuta kuni na hajaiona hiyo raha. Sibishani naye. Mimi nikishaanza kuhema kwenye mlima kichwa kinatulia, na zaidi ya hapo sina maelezo.

Safari ile tulikwenda kaskazini, vilima vya Kondoa. Aliyechagua njia ni rafiki yangu ambaye tunakaa jirani Ipagala. Yeye ni Mrangi, huko ndiko kwao, na mama yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Nilidhani anataka kutembea mpaka uchungu upungue. Wa tatu wetu ni nesi, anaishi mtaa wa Kikuyu hapo hapo Dodoma, mdomo wake haupumziki. Tulipanga kupanda kutokea barabarani, kulala juu, kisha kushukia kijijini kwao upande wa pili, ambako mama yake mdogo alikuwa anatusubiri.

Usiku wa kwanza ulikwenda salama. Alfajiri nilisikia jiko la gesi likivuma nje. Rafiki yangu alikuwa anakunywa chai na kula mihogo ya kuchemsha peke yake gizani. Nesi alimtania kwamba anakula kwa kujificha ili asitugawie. Akacheka kidogo, akazima jiko.

Mvua zilikuwa zimekatika katikati ya msimu, kama kawaida yake huku kwetu. Majani yalikuwa mabichi lakini mawe yalitoa joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Kila tuliposimama kunywa maji, yeye alikaa pembeni na kusema ameshakunywa. Mchana tulifungua samaki wa kopo, akasema tumbo limevurugika. Nilianza kukasirika. Niliona kama anatususia, na mlimani hakuna mahali pa kwenda kumpisha mtu aliyenuna.

Alasiri alikaa kwenye jiwe bila kuvua begi, kisha akalala ubavu. Midomo ilikuwa imepasuka na maneno yanamtoka mazito. Nesi alimshika mkono, akamvuta ngozi kidogo, utani wote ukamwisha. Alisema anywe maji sasa hivi. Nilichomoa chupa kwenye mfuko wa begi lake. Ilikuwa ile ile tuliyonunua dukani, imejaa, kizibo hakijavunjwa.

Nilimuuliza kama amefunga. Akaitikia kwa kichwa. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, Ramadhani inabisha hodi. Mama yake hakuweza kufunga Ramadhani iliyopita kwa sababu ya ugonjwa, akafa hajalipa, kwa hiyo tangu msiba yeye alikuwa anamlipia siku moja moja. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alitaka kuimalizia kwenye vilima vya kwao, kesho aende kaburini kumwambia kwamba yamekwisha.

"Figo zako hazijui kama ni Shaabani," nesi alisema. "Kunywa."

Alibana meno, akanitazama mimi. "Dada, jua linazama hilo. Usimruhusu."

Linazama wapi. Lilikuwa bado limesimama juu ya vilima. Niliogopa sana, na pia nilikuwa na hasira naye, kutuleta huku kusiko na mtandao wa simu bila kutuambia kitu. Mimi Mkristo wa kuzaliwa. Kwaresima naacha sukari na kabla wiki haijaisha nimesahau. Ningemwambia nini kuhusu saumu? Kisha akaanza kuongea Kirangi, taratibu, na mtu ambaye hakuwepo pale. Hapo nikakata shauri. Nilikiweka kichwa chake mapajani, nikamshika taya, nesi akamimina maji kidogo kidogo. Funda la kwanza alilitema. La pili likateremka. Baada ya hapo aliikamata chupa mwenyewe kwa mikono yote miwili, akanywa huku analia.

Tulipiga hema pale pale. Magharibi aliswali amekaa. Asubuhi tuliteremka, mimi na nesi tukipokezana begi lake.

Mama yake mdogo tulimkuta anapepeta uwele uani. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia kwa furaha, akatafuta mkeka. Rafiki yangu hakungoja mkeka. Alisema palepale kwamba ameshindwa kumaliza siku za mama, imebaki moja, ataifunga wiki ijayo. Yule mama aliweka ungo chini na kuuliza siku gani. Alipoelezwa, akatikisa kichwa.

"Mama yako hakuacha siku za kulipwa, mwanangu. Daktari alipomkataza kufunga kabisa, tulimtolea nafaka kwa maskini, kila siku na kibaba chake. Alipima mwenyewe, amekaa hapo mlangoni. Ungeuliza ungeambiwa."

Nilishusha pumzi. Nesi, pamoja na Ukatoliki wake, alisema alhamdulilahi kwa sauti. Tulidhani tumeletewa habari njema.

Rafiki yangu aliuliza yeye alikuwa wapi siku hizo.

"Ulikuwa Dodoma," mama mdogo alisema, bila kumlaumu. "Ulisema kazi zimebana."

Nilizikumbuka kazi zile. Tulikuwa ofisi moja. Ramadhani nzima alikuwa anasema wiki ijayo nakwenda, wiki ijayo nakwenda. Nilifikiri atalia, lakini alikwenda kukaa pale mlangoni. Nilimfuata, nikamwambia kwa upole kwamba angalau sasa anajua mama yake alikwenda bila deni.

"Mimi ndiye niliyekuwa nalo," alisema. "Ungeniacha nimalize."

Nilikuwa na jibu: angekufa. Lilinifika mdomoni kabisa. Sikulitoa, kwa sababu alinigeukia, na nilimwona usoni kwamba hilo alilijua tangu jana, kabla hajakaa kwenye jiwe.