Chupa ya Mafuta ya Tangawizi

Kila jioni mke wangu hunichua mgongo kwa mafuta ya tangawizi, maana pingili zimelika na daktari wa hapa Same kasema nitaishi nazo hivyohivyo. Harufu ile ikipanda, namkumbuka msimamizi wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lile jitu la tumbo kubwa.

Siku moja, nikiwa mtoto, pembe ilipulizwa, kijiji kizima kikazoe tope kwenye bwawa la kumwagilia mashamba. Mama, kwa maumivu ya mgongo, hakuweza hata kuinama kuwasha moto. Jitu likaja mlangoni.

"Shikamoo, baba," nikasema. Halikuitikia.

"Mgongo gani? Uvivu tu huo. Toka!" likamwambia mama.

Mama akakaza kanga kiunoni, akazoa tope mpaka mchana. Lenyewe lilisimama ukingoni, mikono mfukoni, likifoka utadhani ndilo linalozoa.

Tulipopumzika likamfuata. "Nasikia una mafuta ya tangawizi. Miguu inaniuma, nimesimama tangu asubuhi."

Likanituma nyumbani nikayalete. Likajipaka yote, likanirudishia chupa.

Jioni mama aliisuuza chupa ile kwa maji ya moto, nikamchua kwa maji hayo.