Eda ya Mama, Nyumba ya Shumaisi

Baba alipofariki, kaka alitaka mama ahamie kwake Jeddah wiki ileile. Nikamwambia mama yuko edani, hatoki katika nyumba aliyofia mumewe mpaka miezi minne na siku kumi ipite. Kaka ndiye aliyekuwa akitulipia kodi ya Riyadh, na kwake vilevile alipanga, ikawa inamshinda. Lakini eda hakuweza kuipinga.

"Haya," akasema. "Eda ikisha, tunarudisha funguo. Na usiniletee neno jingine."

Tabu ni kwamba mama mwenyewe hakujua kuwa yumo edani. Akili yake ilianza kumpotea kabla ya msiba. Siku ya kwanza nilimwambia, akalia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi akaamka ameshasahau. Nikamwambia tena, akalia upya, vilevile. Mara ya tatu sikuweza. Kila alasiri, wakati baba alipozoea kurudi kutoka kwenye cherehani yake sokoni, mama alikaa kitandani akaniita.

"Nipe wanja wangu. Babaako anarudi."

Mjane hapaki wanja. Nilikuwa nimeuficha juu ya kabati, pamoja na udi na chetezo.

"Leo hupaki wanja, mama."

"Mtoto mchoyo wewe!"

Nyumba ile ya Shumaisi, mtaa wetu wa Riyadh, ilikuwa kuukuu, rangi inabambuka, lakini mama aliijua kwa mkono. Alipapasa ukuta kutoka chumbani, akapita jikoni, akafika chooni bila kumuuliza mtu. Kaka huko Jeddah alikaa mtaa wa Hindawiyah, ghorofa ya nne. Kila alipopiga simu nilimweleza habari ya ukuta.

"Huku yupo msichana wa Mombasa," alinijibu, "katika hawa wanaoletwa siku hizi kutoka Kenya. Anasema Kiswahili. Atamshika mkono."

"Msichana huyo anapika, anafua, analea wanao. Mkono wa mama ataushika saa ngapi?"

"Sasa unataka nife kwa kodi?"

Hapo alikuwa akisema kweli.

Eda ikaisha. Kaka akaja na gari la mizigo na dereva wake, wakapakia friji na makochi. Mimi nikamwogesha mama kama anavyoogeshwa mtu anayetoka eda, nikamvisha kanga mpya, nikamfukiza udi. Mwisho nikaushusha ule wanja, nikampaka. Akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Nani kanipaka wanja?"

"Mimi, mama."

"Huna haya? Mume wangu kafa, nimo edani, wanipambia nani?" Akaanza kujifuta kwa upindo wa kanga, uso wote ukawa mweusi.

Kaka akaingia. "Mama, twende. Baba anakungoja Jeddah."

Mama alimtazama mpaka nikaogopa.

"Mpumbavu wewe! Babaako kafa. Hukumzika wewe?"

"Nilimzika, mama."

"Basi ananingojaje Jeddah?"

Kaka akakaa sakafuni. Siku ya mazishi hakutoa chozi, alikuwa akihangaika na vibali na kupokea watu. Mama akamvuta kichwa, akakiweka mapajani mwake.

"Pole, mwanangu. Lia. Mimi siendi popote, ndiyo kwanza naingia eda."

Nje dereva akapiga honi. "Yalla!"

Hatukuinuka. Akapiga tena. Ndipo kaka akajipangusa uso, akatoka, nikamsikia akimwambia afungue kamba, friji irudi ndani. Alipokuja kuaga hakuniangalia.

"Kodi ya mwezi huu nitalipa," akasema. "Wa pili, sijui."

Kesho yake alasiri mama akaniita.

"Nipe wanja wangu. Babaako anarudi."

Nikampa, nikamshikia na kioo.