Jani la Isale Kutoka Seiloni

Kaka yangu Anaeli alikuwa na mikono myepesi kuliko akili. Nasema mimi Ndeshi, dada yake wa tumbo moja, mtu asije akadhani namsingizia marehemu. Mwaka wa arobaini na mbili Baba alimkatia kaka yetu mkubwa, Elisaria, sehemu ya juu ya kihamba, shamba letu la migomba, ile inayopitiwa na mfereji. Anaeli akapandwa na hasira, akamsukuma Baba kifuani. Mzee akaangukia mferejini mbele ya wanawake waliokuja kuchota maji.

Kwetu Meru, mtoto aliyemwangusha baba yake hana la kujitetea. Huvunja jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka kwa mikono miwili na kusema neno moja tu: "Pokea." Mengine yote jani linasema lenyewe. Mzee akilipokea, kesi imekwisha, na sijapata kuona mzee aliyelikataa.

Anaeli hakuvunja jani. Masale yalikuwa yamejipanga mpakani, hatua kumi kutoka mlangoni petu, akayapita amenuna. Alilala Ngarenaro wiki mbili kwa rafiki yake, kisha akajiandikisha jeshini, Keya. Waingereza walikuwa na vita vyao, na vijana waliokosana na baba zao waliwafaa sana.

Safari yake alinisimulia mara moja tu. Walipakiwa kwenye treni hapa Arusha, wakakaa miezi kambini Kenya wakifundishwa kutembea, utadhani walikuwa hawajui. Kisha meli. Melini alitapika mpaka akatapika maji matupu, na waliolala juu yake wakamtapikia yeye. Waliposhushwa Seiloni, kisiwa cha upande wa India, miguu ilikuwa imevimba, viatu havivuliki. Hakuna aliyewaambia kama hapo ndipo mwisho au ni njia tu. Walisimama mvuani, mvua ya moto, wakasubiri malori tangu asubuhi hadi alasiri.

"Ndeshi," aliniambia, "nilichoka mpaka nikasahau jina la mwenzangu niliyesafiri naye. Lakini si uchovu ulionishinda. Nilipoamka kesho yake niligeuza shingo kuutafuta mlima."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Hapa ukiamka unajua Meru uko upande gani hata kama umefunikwa na mawingu. Kule kulikuwa na vilima, vizuri tu, lakini havikuwa vya mtu yeyote aliyemjua.

Siku ya tatu walitumwa kuni. Wakapita kwenye boma la mama mmoja mzee, na Anaeli akaona migomba. Chini ya migomba, kwenye ua wa boma lile, akaona masale. Yaleyale, majani marefu, yamejipanga mpakani. Akakaa chini na bunduki yake akalia kama mtoto. Yule mama alidhani ana kiu, akamletea maji kwenye kifuu. Anaeli akaonyesha jani kwa kidole, mama akatikisa kichwa kukubali. Akalivunja.

Alijua barua za askari husomwa na ofisa kabla ya kufungwa. Waliambiwa wasiandike habari za meli wala jina la mahali. Kwa hiyo aliandika maneno machache, akidhani wazungu wanaogopa maneno tu. Jani lina siri gani? Alilifunga fundo, akalibana chini ya kiatu mpaka likalala bapa, akalitia ndani ya karatasi.

Barua ilifika wakati wa kuchuma kahawa. Mimi ndiye niliyekuwa na shule nyumbani, kwa hiyo niliisoma mimi. Bahasha ilikuwa imebandikwa ukanda wa karatasi ubavuni, nasi tukadhani ndivyo serikali inavyofunga barua zake.

"Baba, shikamoo. Mimi ni mzima. Pokea. Mwanao, Anaeli."

Baba alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili. Neno lile alilielewa kabla sijalimaliza.

"Nipokee nini?" akauliza.

Nikakung'uta bahasha. Nikaichungulia. Hapakuwa na kitu.

Baba alirudisha mikono yake magotini. "Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Hata huko ugenini ananicheka."

Lakini barua hakuitupa. Aliiweka chini ya mto, na kila niliporudi kutoka kanisani aliniambia, "Hebu kung'uta tena." Nami nilikung'uta. Mwaka wa arobaini na tano alishikwa na kifua, akalala siku tisa. Siku ya nane aliniambia kwamba kijana angeleta jani hata kavu, hata limeoza, angelipokea apumzike. Siku ya tisa akaniomba nikung'ute tena, nikakung'uta, akafa.

Anaeli alirudi mwaka uliofuata, na koti la jeshi na homa isiyokwisha. Tulimwonyesha kaburi. Kisha nikampa barua yake. Aliutazama ule ukanda wa karatasi kwa muda mrefu, akapitisha ukucha juu yake.

"Walifungua," akasema. "Wametupa jani langu."

Ndipo akanisimulia yote, meli na mvua na yule mama wa maji. Nami nikamweleza siku tisa za Baba, sikumficha kitu. Aliposikia habari ya kukung'uta alinyanyua uso.

"Na masale yale pale mpakani, hukuyaona?"

"Niliyaona," nikasema. "Nilikwenda mpaka pale, nikashika moja. Nikawaza, nitamwambia limetoka kwenye bahasha. Nikaona nitakuwa namdanganya mzee anayekufa. Nikarudi."

"Usingemdanganya," akasema. "Nililituma, Ndeshi."

Hakulirudia neno hilo tena maishani. Elisaria alimpa ile sehemu ya juu, akaikataa. Alipata kazi ya kukata miti Olmotonyi, akafia hukohuko, hana mke wala mtoto. Alipokuja kututembelea alizunguka kwa chini, asipite mpakani.

Mimi naimba kwaya mpaka leo. Mchungaji hupenda kunitolea mfano mbele ya mabinti wa kipaimara: mtazameni mama huyu, hajui kusema uongo.