Shati Lisilofuliwa

Mama yangu aliingia Nchi Takatifu na shati chafu ndani ya mkoba wake, na katika kundi zima la mahujaji ni mimi tu niliyejua. Nilijua kwa pua. Mkoba ulikaa juu ya magoti yake tangu tulipopanda ndege ndogo hapa Bunia, na kila alipoufungua kutafuta leso, harufu ya moshi wa samaki ilitoka kunisalimia.

Lilikuwa shati la kaka yangu, kifungua mimba wake. Kaka alikuwa mnunuzi wa samaki. Aliteremka Tchomia, ufukoni mwa Ziwa Albert, kwa barabara ya Bogoro, akanunua kwa wavuvi, akapandisha mzigo Bunia, na siku ya kurudi alimletea mama ngege mmoja mkubwa wa kupika. Mama akipika, kichwa cha samaki huyo kilikwenda kwenye sahani ya kaka bila mjadala. Kwetu kichwa ni cha mtoto mkubwa. Nilipokuwa mdogo nililia sana juu ya jambo hilo, nikagaagaa chini, na mama akaniambia nimlaumu Mungu aliyenichelewesha.

Kisha kaka akaingia botini kufuata samaki upande wa pili wa ziwa. Upepo ukaipindua boti. Wenzake waliopona waliokolewa, na waliokufa walitolewa majini wakazikwa. Yeye hakuonekana, wala siku ile wala baadaye. Shati la mistari ya kijani alilokuwa amelivua asubuhi lilibaki limetundikwa kwenye msumari nyumbani kwa mama.

Katika ukoo wetu wa ziwani, mtu akimezwa na maji asirudishwe, wazee hukata shina la mgomba, huliosha kama wanavyoosha maiti, hulivika nguo yake, kisha hulizika. Hapo matanga yanaanuliwa. Kabla ya hapo hakuna mtu wa nyumba ile anayegusa samaki, maana huwezi kujua ni samaki gani amekula nani. Wajomba zangu walifika na mgomba wao, wameubeba mabegani kwa heshima zote. Mama akautazama, kisha akawatazama wao.

"Mi nilizala mutu," alisema. "Sikuzala mugomba."

Wajomba walibembeleza, wakafoka, wakamwita katekista, wakachoka. Mgomba ukatupwa nyuma ya nyumba na mbuzi wa jirani wakaushughulikia. Matanga yakabaki wazi, mwaka ukaenda na mwingine ukaja. Mama hakwenda harusini, hakuvaa kitenge kipya, na alikonda hadi pete ya ndoa ikawa inamtoka akinawa. Na mimi, ambaye duka langu la vipuri vya pikipiki limepakana na wanawake wanaokaanga samaki, nilikaa kuanzia asubuhi hadi jioni namezea mate harufu ile, kisha narudi nyumbani kula sombe, majani ya muhogo. Wengine waliniita mtiifu. Haukuwa utiifu. Nilimwogopa mama, basi.

Padri alipotangaza hija, ukoo mzima ulisema na mama aende. Walichanga, waliokuwa na mbuzi wakauza mbuzi. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba akifika kwenye kaburi la Yesu atalia, na akilia atapona. Mimi nilipewa kazi ya kuwa fimbo yake. Sikuwa nimeomba. Mimi ni mtu wa misa ya kwanza, ile fupi, na maandamano marefu ya kuimba yananipandisha hasira. Lakini mama ni mama.

Ndege ya kutoka Bunia kwenda Entebbe hukata ziwa katikati. Mama mmoja wa Tchomia, muuza samaki, mnene na mcheshi, ambaye kaka alikuwa mteja wake, aliegemea dirisha akaanza kutuonyesha boti kana kwamba amezichonga mwenyewe. Mama yangu alishusha pazia la dirisha lake, akafumba macho hadi tukatua. Yule mama wa Tchomia akaona, na tangu hapo hakuondoka ubavuni mwake.

Sitasimulia kila kanisa tuliloingia. Mengine yamechanganyikana kichwani mwangu, yote mawe na ngazi na watu wa mataifa yote wakisukumana kwa upole wa Kikristo. Nakumbuka vizuri zaidi sabuni. Kila hoteli ilituwekea vipande vidogo vya sabuni vilivyofungwa kwenye karatasi, na kila asubuhi mama alivitia mkobani, pamoja na shati. Nilimtania kwamba tumevuka jangwa kuja kuiba sabuni. Alinijibu kwamba walioziweka walitaka tuzichukue, na kama sivyo wangezifungia. Baadaye nikagundua mahujaji wote wa Bunia walikuwa wanafanya hivyohivyo, hata padri.

Kule Galilaya wenzetu walipanda mashua wakaimba katikati ya ziwa lile ambako Bwana alituliza dhoruba. Mama hakukubali kuingia. Alikaa ufukoni kwenye kiti cha plastiki, ameyapa maji mgongo, nami nikakaa naye, nikisikia nyimbo zikija na kupotea. Mchana tukaletewa chakula, kila mtu samaki wake mzima, na kumbe samaki wa Petro mtume ni ngege. Ngege wetu kabisa. Meza ililipuka kwa furaha. Mama wa Tchomia alimfunua wake mashavu, akamkagua, akatangaza kwamba huyu amelala kwenye barafu, kwake asingempokea. Watu walicheka hadi mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Sisi wawili tuliletewa mayai.

Hapo nilikasirika kweli. Nilimnong'oneza mama kwamba hili si ziwa letu, kwamba samaki huyu hakuwahi kumjua kaka wala hakufika Tchomia, kwamba Yesu mwenyewe alimla. Mama alimenya yai lake taratibu.

"Maji ni maji," alisema.

Tukafika Yerusalemu, mahali ambapo ukoo mzima ulikuwa unapangojea. Ukiingia katika kanisa lile kubwa unakutana kwanza na jiwe refu, lililolala chini, ambalo wanasema mwili wa Bwana uliwekwa juu yake ukapakwa mafuta kabla ya kuzikwa. Wenzetu walipiga magoti wakalipangusa kwa vitambaa, wakalaza juu yake rozari, picha za watoto, vitenge vya kina bibi waliobaki Djugu na Mahagi. Nilisubiri mama atoe shati. Niliona mkono wake ukiingia mkobani. Ukakaa humo kidogo, kisha ukatoka mtupu.

Kaburini tulipanga foleni ndefu, tukainama mlangoni, tukaingia, tukatoka. Wote walilia. Padri alilia, mama wa Tchomia alilia akishikilia ukuta, hata mimi, ninayechukia maandamano, nilijipangusa macho. Mama alitoka macho makavu kama alivyoingia. Tulipofika uani nilimuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtoto mwenye adabu, sasa anataka nini zaidi ya hapa.

Hakukasirika. Aliketi kwenye ngazi, akakumbatia mkoba.

"Kaburi yao haina mutu, lakini iko," alisema. "Na mama yake alimupata kwanza. Walimuosha. Mi niliosha nini?"

Nilikaa kando yake, na hasira ikaniisha, ikabaki huzuni tupu. Nilidhani safari imeshindikana. Nilianza kufikiria maneno ya kuwaambia wajomba.

Zilibaki siku chache za Misri, ambazo hakuna aliyezitilia maanani sana. Ziliwekwa kwenye safari kwa sababu Yosefu na Maria walimkimbizia mtoto huko, na sisi wa mkoa wa Ituri tunajua kukimbia. Karibu kila mtu ndani ya basi letu aliwahi kufunga godoro mgongoni akikimbia vita. Kule Kairo walitupeleka kwenye kanisa lililojengwa ukingoni mwa mto. Nyuma yake kuna ngazi za mawe zinazoteremka hadi majini, na yule Mmisri aliyekuwa akituongoza, kwa Kifaransa chake kizuri, alituambia kwamba kwa mapokeo yao familia takatifu ilishuka kwa ngazi hizo ikapanda boti kwenda kusini. Padri alikuwa anatafsiri. Mto ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa, na vichaka vya magugu-maji vilikuwa vikielea vinapita zao.

Mama alikuwa anayatazama yale magugu. Ni yaleyale yanayoziba boti zetu Tchomia. Akamvuta padri mkono wa kanzu.

"Maji hii inatoka wapi?"

Padri akauliza. Yule kiongozi akasema mto huu una vyanzo vingi, na kimoja ni maziwa makubwa ya kwetu, Viktoria na Albert, maji yanateremka Uganda, yanapita Sudani, yanapita jangwani, hadi hapa. Mimi hayo nilifundishwa shuleni, nikayaandika kwenye mtihani, nikayasahau. Sikuwahi kufikiri kwamba yanahusu mtu. Mama hakutosheka na Kifaransa. Akamgeukia mama wa Tchomia.

"Ziwa ya siye inatokea huku?"

"Inapita juu ya Mahagi, inatoka, inaenda," alisema yule mama. "Wavuvi wote wanajua inaenda. Kwenye inafika, ndiyo hatukujuaka."

Mama alivua viatu. Alishuka zile ngazi mojamoja, bila kunishika, mtu aliyekataa hata kuutazama uso wa ziwa tukiwa angani. Kwenye ngazi ya mwisho alipiga magoti, akafungua mkoba, akatoa shati. Harufu ya moshi ikapanda hadi tulipokuwa. Akalitia majini. Akachukua kipande kimoja cha sabuni, akakichana karatasi kwa meno, akaanza kufua.

Hakufua kama mtu anayefua. Alianza na kola, akaipitisha vidole polepole, mbele na nyuma, kama unavyomnawisha mtu shingo. Akaja mabegani. Akaja kifuani. Akaosha mkono mmoja wa shati hadi mwisho wake, akaulaza vizuri juu ya jiwe, ndipo akachukua wa pili. Kwa kila sehemu alichukua sabuni mpya, na ndipo nilipoona aibu kwa utani wangu wote. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anamwita kaka kwa jina la utotoni, lile ambalo hata mimi sikulisikia tangu baba alipokuwa hai.

Mlinzi wa mahali pale alikuja akipunga mkono, kwamba huku hakufuliwi nguo. Kiongozi wetu akamwendea kwa Kiarabu. Sijui alimwambia nini, lakini mlinzi alirudi nyuma akasimama ameshika mikono. Sisi hatukuhitaji kuambiwa. Watu wa Bunia wanayajua matanga wakiyaona, hata kama yako Misri. Wanaume walivua kofia. Wanawake walifungua vitenge vya begani wakavifunga kiunoni, na mama wa Tchomia akashuka, akapiga magoti majini na mwili wake wote ule mkubwa, akashika upande wa pili wa shati ili wakamue pamoja. Ndipo mama alipolia. Alilia kwa sauti, kama mwanamke anavyolia kwetu, na wenzake wakampokea, kilio kikaenda juu ya mto ule. Watalii waliokuwa wanapiga picha waliacha. Nami nililia, mbele za watu, na sikuona haya.

Nikamsikia akimwambia yule mama, sauti imekwaruza, kwamba hata mtoto wa Maria alikimbiziwa huku akapona. Basi kama wake naye amepitia huku, hajapotea.

Shati lilikaukia dirishani mwa basi. Tulilibana kwa kioo, upepo wa mji ule mkubwa ukalivimbisha, na nilipolinusa halikunuka moshi tena. Liliniuma hilo, sitadanganya. Mama alilinusa pia, akalikunja, akalitia mkobani kama nguo nyingine yoyote.

Jioni hotelini walileta sahani za samaki. Mhudumu alikuwa ameshafundishwa na padri, akaweka mbele yetu mayai. Mama akamsukumia mayai yake. Alivuta sahani ya samaki iliyokuwa katikati ya meza, ngege wa mto, amechomwa na ngozi yake, na mezani pote kila mtu akajifanya anatafuta chumvi. Akanawa mikono kwenye glasi yake ya maji. Akamega nyama ya mgongo, akatia kinywani, akatafuna muda mrefu, akameza.

Kisha akashika kichwa, akakivunja kutoka shingoni, akainuka kidogo kitini na kukiweka kwenye sahani yangu.

Nilikitazama. Nilikitamani utoto wangu wote. Ningetoa duka langu na kila kilichomo ili kisiletwe kwangu.

"Kula," mama alisema. "Weye ndiyo mukubwa sasa."

Nilikila chote, na macho yake.