Besi ya Kwaya ya Mesaimeer

Raisa Tolmacheva alifika Doha mwaka 2008, akiwa na miaka hamsini na miwili, kupiga chelo katika okestra iliyokuwa ikianzishwa. Chelo ni kama fidla, ila ni kubwa hivi kwamba mpigaji hukaa kitini na kuibana kwa magoti, na sauti yake ni nzito kama ya mwanamume. Kwao Saratov, Urusi, alikuwa ameacha kaburi la mumewe na miaka ishirini na mitano ya ualimu. Wanafunzi walimwogopa. Aliwahi kumwambia msichana mmoja, Rimma, mbele ya wenzake, kwamba hana mkono wa muziki. Rimma akafunga chelo yake na kuondoka, asirudi tena.

Baada ya miaka mitano Doha kidole cha pete cha Raisa kilianza kukakamaa, na mkataba ulipoisha okestra haikumwongezea. Akapata kazi ya kupiga nyimbo nyepesi kila jioni kwenye hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, wageni wakinywa chai bila hata kumgeukia.

Aliyemsikiliza ni Nasimiyu, Mkenya aliyesafisha vyumba pale. Siku moja alimfuata, bado yuko na sare.

"Madam, kujifunza hiyo huchukua muda gani?"

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Umechelewa. Hutakuwa mwanamuziki."

"Sitaki kuwa mwanamuziki, Madam. Kwaya yetu haina besi."

Akamweleza. Walisali Ijumaa, siku ya mapumziko ya Qatar, katika kanisa lililoko Mesaimeer, pembezoni mwa Doha, lakini wanaume wengi wa kwaya walikuwa walinzi na siku hiyo huwa zamuni. Aliyebaki kushika sauti ya chini alikuwa Laban, naye alifariki usingizini mwezi wa tatu. Kabla mwili haujasafirishwa kwao Bungoma walimwimbia, na mahali pa sauti yake pakawa wazi, kila mtu akasikia.

"Nifundishe nyimbo nne tu," alisema.

Raisa alitazama mikono ya Nasimiyu, iliyochubuka kwa dawa za kusafishia.

"Jumanne, saa nane. Ukate kucha."

Alimwazima chelo ya zamani ya kujifunzia, akamfundisha bila kumchekea. Upinde wa kusugulia nyuzi ukiteleza alisema "tena", hata mara ishirini. Mwezi wa tatu wa masomo, Nasimiyu akauweka upinde mezani.

"Madam, naona sina mkono wa hii kitu."

Raisa, kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao, akasimulia habari za Rimma. Nasimiyu alisikiliza mpaka mwisho, hakumfariji wala kumlaumu.

"Ulimtafuta?"

"Hapana."

"Basi mtafute."

Ilimchukua Raisa majira yote ya joto kupata anwani. Aliandika kurasa tatu za kuomba radhi. Jibu lilikuja likiwa na mistari miwili: Rimma alikuwa daktari wa meno, barua ameipata, na anaomba asiandikiwe tena.

Jumanne hiyo Raisa alifundisha kama kawaida. Nasimiyu alipouliza kama amejibiwa, alimpa barua, akamtafsiria.

"Pole, Mwalimu," Nasimiyu alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Ana haki. Shika upinde."

Ijumaa moja ya Novemba 2015 Raisa aliketi benchi la nyuma kule Mesaimeer. Hakuwa ameingia kanisani tangu mazishi ya mumewe. Lugha ya wimbo hakuijua. Nasimiyu alikosea ubeti wa kwanza, noti mbili zikapinda vibaya, na Raisa akajikuta ameminya goti lake mwenyewe. Ubeti wa pili besi ikatulia chini ya sauti za wanawake. Mama mmoja mstari wa mbele, dada yake Laban, akaacha kuimba, akainamisha kichwa.

Raisa alibaki Doha miaka mitatu zaidi. Alifundisha wanakwaya wengine wawili, bado akisema "tena", na hakumwambia yeyote kati yao kwamba hawezi.