Kilio Yenye Haikuingia mu Telefone

Mi, bantu, kilio ya mufu ninaipenda! Musinicheke. Hapa Kasulo, mu Kolwezi, kama hauyue nani alikufwa, hauko muntu. Njo bibi ya mutoto wangu, ule mwenye mutoto wangu alioa, akanitilia mu telefone ile kintu ya kuokota habari. Unaenda ku site ya redio, ao ya paroisi, unakopie adresi, unafinya ka alama ka kuongeza, unakole, ni kubandika, basi. Habari inakuya yenyewe, mufu kwa mufu. Asubui niko ninakunywa chai, bamama, benye kuniita kambo, nyanya yabo, banaingia mu lupango, mu kiwanja ya nyumba: "Kambo, leo nani?" Eh! Nilikuwa sawa chefu!

Mwenye kuingia wa kwanza alikuwa mama jirani, muntu wa Kasaji. Telefone yake baliiba ku soko, na manamba yote ya kwabo ikaenda nayo. Na yaya yake, mukubwa wake mwanaume mwenye alimulea, alikuwa anagonjwa kule, tumbo ilivimba. Mvua ilikata barabara. Kwabo, muntu akikufwa, paroisi inapitisha tangazo: fulani wa Kolwezi, akisikia, akuye mbio. Inapita ku redio, inapita na ku site yabo. Njo tuliiweka ile site mu telefone yangu.

"Kambo, angalia Kasaji."

"Kasaji kimya. Kuko tu ka alama kekundu."

"Kimya ni uzima!" Anapiga mikono. "Yaya anakatala kufwa, ule kichwa nguvu!"

"Unaninyima kilio, mama. Mi niliisha kufula kitambaa."

Tunacheka mpaka machozi. Mama jirani akasuka nywele mupya, ya kwenda kutembelea yaya yake wakati barabara itakauka.

Siku moja bibi ya mutoto wangu anapita na beseni ya nguo, anaangalia telefone.

"Mama, hii nyekundu iko tangu lini?"

"Tangu zamani. Ni kusema hakuna mufu."

"Ayi, mama! Ni kusema haifike. Paroisi baliisha kubadilisha site. Munagonga ku nyumba yenye bantu balihama."

Akaweka beseni chini, akatafuta adresi ya mupya, akaikole pa nafasi ya ile ya zamani. Telefone ikalia, ikalia! Matangazo ya mvua yote ikaingia mara moja, ndoa, batizo, na benye kufwa. Mama jirani akasogea, bado anacheka: "Bantu ba kwetu banakufwa mingi, eh!"

Sasa, mu ile kintu, habari ya mupya njo inakaa juu. Mi ninasoma tu majina, tena polepole, njo bibi ya mutoto wangu akasoma, anaruka ndoa na batizo. Ya juu: famiya inashukuru bote benye balikuya ku kilio ya fulani. Ilikuwa jina ya yaya.

"Soma ya chini," mama jirani akasema.

Ya chini: dada yake wa Kolwezi, maiti haiwezi kungoja tena, kesho tunazika.

"Soma ya chini."

Dada yake wa Kolwezi, yaya yake alikufwa, akuye mbio.

"Ya chini."

Mugonjwa anauliza dada yake wa Kolwezi. Anakatala kula mpaka amuone.

Chini ya ile hakukuwa tena kintu ya yaya. Mi nikapiga mayowe, kwa nguvu, sawa vile ninayua.

"Kambo, nyamaza. Hauko wa kwetu." Akageukia bibi ya mutoto wangu. "Rudisha adresi ya zamani."

"Mama, haitasaidia..."

"Rudisha."

Akarudisha. Ka alama kekundu kakatoka tena. Lakini matangazo yenye iliisha kuingia haikutoka. Ilibakia palepale, kwa mustari.

Mama jirani akapanda pikipiki na ile potopoto yote ya mvua mu barabara. Wakati alirudia, alinielezea. Kule Kasaji baliisha kukunja mikeka ya kilio. Bibi ya yaya yake, mujane mwenye kumuyua tangu zamani, alikuwa anafagia lupango, hakusimamisha fagio.

"Niko dada yake," mama jirani alimwambia.

"Dada yake tulimungojea," ule akajibu. "Hakukuya. Weye uko nani?"